Saa Tatu na Dakika Arobaini

Simu ya meneja wa utumishi ililia mara mia tatu kabla ya chai ya saa nne. Printa ya ghorofa ya pili imeishiwa karatasi. Printa imepata karatasi. Printa imeishiwa tena.

Ndivyo alivyotaka mwenyewe. Juzi tu alikuwa amemwamuru fundi wa mtandao amuunganishe na taarifa za vifaa vyote vya jengo, asipite hata sisimizi bila yeye kujua. Wafanyakazi, waliokwisha kumbatiza jina la Jicho, walisema sasa limeota kope.

Alasiri akamwita fundi. Simu ilikuwa ikitambaa mezani kwa mtetemo kama mende aliyepinduliwa.

"Binti, zichuje hizi. Nibakishie moja tu. Kompyuta ya masjala ikiwashwa asubuhi, nijue. Mengine kaa nayo."

"Sawa, bosi. Nitaweka chujio likuletee hiyo peke yake. Ila kuna jambo kuhusu namna ujumbe unavyosafiri mpaka..."

"Nimeomba taarifa. Sikuomba somo."

Fundi akachuja.

Masjala ilikuwa mikononi mwa Mama Faili, aliyetunza majalada ya ofisi ile kwa miaka ishirini na sita. Alibakiza miezi mitano astaafu kwa heshima zake. Lakini miezi mitano ni mirefu kwa mtu mwenye shemeji asiye na kazi, na mke anayemkumbusha kila anaposhika kijiko.

"Kwa hiyo mdogo wangu azeekee sebuleni kwetu?" mkewe aliuliza.

"Nafasi ipo," meneja alimjibu. "Ina mtu tu."

Akamvalia njuga Mama Faili. Mtu aliyekula chumvi nyingi vile, alijiambia, lazima anachelewa kazini; kilichokosekana ni ushahidi. Kushuka masjala akahakikishe kwa macho yake hakukumpitia akilini. Masjala ilikuwa chini kabisa ya jengo, na meneja hakuwa mtu wa ngazi.

Ushahidi haukukawia. Asubuhi ya kwanza, hata koti hajalining'iniza, simu ilitetemeka: kompyuta ya masjala imewashwa. Akatazama saa ya ukutani. Saa tatu na dakika arobaini. Na kazi huanza saa mbili kamili. Akaandika kwenye daftari kwa wino mwekundu, akapiga mstari chini yake.

Siku ya pili, saa tatu na hamsini. Siku iliyonyesha mvua kubwa, saa nne na robo.

"Ajuza yule hana hata haya," alimwambia mkewe. Mkewe akampigia mdogo wake, akamwambia aanze kupiga pasi suruali.

Baada ya wiki tatu Mama Faili aliitwa mbele ya mkurugenzi, mwanamke wa maneno machache ambaye hakuna aliyewahi kumzoea. Fundi wa mtandao aliitwa pia, aje athibitishe kwamba mitambo inafanya kazi.

Meneja alisoma siku zote kumi na tano, moja baada ya nyingine, kwa madaha ya mtu anayesoma shairi lake mwenyewe.

"Na Alhamisi iliyopita," akamalizia, "hakuja kabisa. Simu haikulia kutwa nzima."

"Alhamisi nilikuwepo, mwanangu," alisema Mama Faili. "Nilipanda ngazi zote zile nikuletee majalada uyatie saini. Nikakukosa."

"Binadamu hudanganya, Mama. Mashine haina sababu ya kudanganya." Akamgeukia fundi. "Hebu waambie."

"Ni kweli, haidanganyi," alisema fundi, na akaweka karatasi mezani. "Hizi ni kumbukumbu za kifaa chenyewe. Kompyuta ya masjala iliwashwa saa moja na nusu. Siku zote kumi na tano, Alhamisi ikiwemo."

Meneja alicheka kidogo, peke yake.

"Basi hizi saa tatu na saa nne ni za nini?" mkurugenzi akauliza.

Fundi aliangalia zulia. "Kwa usalama, taarifa za vifaa hazitoki nje ya jengo. Ujumbe hukaa ukisubiri mpaka simu ya anayeandikiwa ivuke geti asubuhi. Simu isipovuka siku hiyo, ujumbe unafutwa."

Mkurugenzi akalivuta lile daftari, akalikata jina la Mama Faili juu ya ukurasa, na kwa mwandiko wake mzuri usio na haraka akaandika la meneja.