Kipingamizi

Kicheko cha mkewe kilipasuka tena sebuleni, na fundi friji, aliyekuwa akitengeneza feni, akakata waya asiopaswa kuukata. Aliiacha feni mezani, akaenda kuchungulia.

"Nani huyo anayekufurahisha hivyo?"

"Kipingamizi," mkewe alijibu bila kuinua macho kwenye kompyuta. "Kanipinga tena."

Mkewe alikuwa mkutubi wa chuo. Alikuwa amepewa kazi ya kuandaa orodha ya makala za mtandaoni kuhusu mijadala ya mabadiliko ya tabianchi, pande zote mbili, ili wanafunzi wapate za kutetea na za kupinga. Aliomba msaada kwenye jukwaa la maktaba, akajitokeza mtu mmoja tu, hana picha wala jina la kweli. Mkutubi akileta utafiti unaotaka mitambo ya makaa ya mawe izimwe leo, Kipingamizi huleta unaotaka izimwe polepole. Akiweka makala ya wanaokana kwamba joto linapanda, Kipingamizi huuliza: nani alimlipa mwandishi? Vipimo vyake viko wapi? Usiwape uzito sawa eti kwa kuwa pande ni mbili.

"Huyu mtu ana akili," mkewe alisema, na fundi akaona wivu. Miaka tisa ya ndoa, yeye alisifiwa mikono tu.

Hakuwa na wa kumlilia. Mama yake, mwalimu mstaafu, aliishi nao, lakini yeye na mkwewe walikuwa paka na panya. Tangu ugomvi wa jikoni mwaka juzi hawakusemezana. Maneno yao yalipitia kwa fundi. "Mwambie mkeo chumvi imezidi." "Mwambie mama yako maji yapo." Kutwa mama alijifungia chumbani na tabuleti yake, eti tamthilia, na kila wiki alidai bando jingine.

Siku moja wakila wote watatu, fundi alijikaza kisabuni. "Hata gesi za friji huongeza joto duniani. Mtu angeuliza fundi."

Mkewe akaguna, "Mm," akaomba kijiko.

Kesho yake alipiga makofi mbele ya kompyuta. "Kipingamizi kaleta makala ya gesi za friji! Sikuwahi kuyafikiria hayo."

Damu ilimchemka fundi. Kumbe ya mezani kwake yanapelekwa huko! Akaanza kulisoma jukwaa kwa siri. Umeme ulipokatika nyumbani siku mbili, Kipingamizi naye alinyamaza siku zile zile, na aliporudi hakuuliza mwenzake alipotelea wapi. Basi alijua. Huyo bwana alijua mpaka giza la nyumba yao. Kikulacho ki nguoni mwako, fundi alijisemea, akimtazama mkewe anajipaka mafuta mbele ya kioo.

"Jumamosi orodha inakabidhiwa," mkewe alisema. "Nimemwalika Kipingamizi maktabani. Hatimaye nitamwona."

"Na ukimpenda?"

"Nimeshampenda," akacheka. "Mtu anayekusoma neno kwa neno utaachaje kumpenda?"

Jumamosi fundi alivaa shati lililopigwa pasi, akaacha friji tatu za wateja zikiyeyusha barafu, akaenda maktabani kujibanza nyuma ya rafu ya magazeti. Hakujua kama atapigana au atalia. Mkewe alikuwa ameweka viti viwili na chupa ya chai. Alikuwa amepaka wanja.

Saa kumi mlango ulifunguliwa. Mkewe akainuka akitabasamu, kisha tabasamu likamkauka.

Aliyeingia alikuwa mama mkwe.

Bibi mzima kaambiwa na nani? Akimkuta mkwewe na huyo bwana, ndoa imekwisha leo, tena mbele za watu. Fundi alichomoka nyuma ya rafu, akamshika mama yake mkono.

"Mama, turudi nyumbani. Nitakueleza mwenyewe."

Mama aliuchomoa mkono wake, akampita, akaketi kwenye kiti cha mgeni. Akatoa mkobani rundo la karatasi zilizojaa wino mwekundu, akamsukumia mkwewe.

"Ule ukurasa wa makaa ya mawe, mwanangu," alimwambia, "bado nakupinga."