Sahihi ya Mkurugenzi Mpya

Mkurugenzi Mederbek alitia sahihi karatasi ileile kwa mara ya nne, akaigonga muhuri kwa nguvu hadi kikombe cha chai kikatetemeka. Transfoma moja, itoke ghalani, ipelekwe kijiji cha Boz-Terek, ambako ya zamani iliungua theluji ilipoanza. Mara tatu alikuwa ameagiza hivyo, na mara tatu transfoma ilibaki palepale chini ya turubai.

"Itatoka lini, Ishen?" alimuuliza naibu wake.

"Inashughulikiwa, mkurugenzi."

"Jana ulisema inashughulikiwa."

"Na leo bado inashughulikiwa," alisema Ishen kwa adabu zote, akatoka na karatasi yake.

Ilikuwa wiki ya sita tangu wizara imlete Mederbek kutoka mji mkuu, Bishkek, kuongoza shirika la umeme la mkoa ule wa milimani. Siku ya kwanza alibandika tangazo mlangoni: hapokei zawadi, iwe nyama ya farasi, iwe asali, iwe chupa. Siku ya pili benchi la wageni nje ya ofisi yake likawa tupu. Wiki nzima alitembea kifua mbele kwa ajili ya benchi lile. Baadaye likaanza kumtisha. Mkoa mzima unakatiwa umeme saa sita kwa siku, na hakuna hata mtu mmoja wa kuja kumlalamikia? Kantini nako, akiketi tu na bakuli lake la tambi, meza nzima ilikumbuka kwamba ina kazi. Alikuwa mpweke, alijua hivyo, na hakuwa na wa kumwambia.

Aliyebaki ni Burulcha peke yake. Huyu alikuwa mkunga wa Boz-Terek, na kila asubuhi saa tatu alipiga simu. Mederbek hakuwahi kumwona, lakini sauti ile ya mikwaruzo, ya mtu aliyezoea kuwafokea wanaume wanaozubaa mlangoni mwa wodi, alikuwa akiisubiri kabla hata hajavua koti.

"Mkurugenzi, mdogo wangu, jana nimezalisha kwa tochi. Tochi yenyewe nimeishika kwa meno. Sasa niambie, hapo nilimwambiaje mama wa watu asukume?"

Mederbek alicheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Dada, nimeshatia sahihi."

"Basi hiyo sahihi yako ije inishikie tochi."

"Ijumaa haipiti, dada. Nakuapia."

"Haya, nakuamini. Wenzangu hapa wananicheka, lakini mimi nakuamini."

Ijumaa ilipofika, saa tatu simu haikulia. Mederbek aliisubiri hadi saa nne, kisha akashuka mwenyewe ghalani.

"Karatasi haina kasoro, mkurugenzi," alisema mtunza ghala, macho kwenye viatu vyake. "Inangoja tu neno la Mzee."

"Mzee yupi?"

Mtunza ghala akapata kikohozi. Dereva ndiye aliyemweleza, baada ya kubanwa sana. Mzee ni Sagynbay, aliyeongoza shirika miaka ishirini na sita kabla ya kustaafishwa.

"Yuko kwake anafuga kuku. Ila hapa hakuna waya unaofungwa kabla yeye hajasema ndiyo. Kila mtu anakwenda kwake. Tulidhani unajua, bosi. Tulidhani mmekubaliana."

"Nipeleke."

Njiani Mederbek alipanga maneno ya kuwafukuza kazi mmoja mmoja. Walipofika, foleni ilikuwa imetoka kwenye lango la buluu, ikazunguka ukuta hadi mtaroni: wazee wenye kofia nyeupe za sufu, wanawake wenye vifurushi, na mbele kabisa, karatasi kwapani, Ishen. Kumbe si tangazo lake lililofagia benchi. Watu walikuwa wamehamia huku.

Alikaa garini kwa muda mrefu, masikio yakimwaka. Akiwafukuza wote leo, transfoma italala chini ya turubai hadi theluji iyeyuke. Burulcha aliahidiwa Ijumaa, na Ijumaa ndiyo hii. Katika mkoa mzima ni mtu mmoja tu aliyeamini sahihi yake, na Mederbek hakuwa tayari kumwangusha mtu huyo, hata kama ingebidi auze heshima yake yote barabarani. Alishusha kofia hadi kwenye nyusi, akapandisha skafu hadi puani, akaenda mwisho wa foleni na kuuliza kama kila mtu anavyouliza kule.

"Nani wa mwisho hapa?"

"Mimi, mwanangu. Wewe simama nyuma yangu," alijibu mama mmoja mnene bila kugeuka, kwa sauti ya mikwaruzo. "Na ushukuru umekuja huku moja kwa moja. Mimi nimepoteza mwezi mzima, kila siku saa tatu, nikimpigia simu yule mkurugenzi mpya."