Baba wa Jumamosi

Siku hizo kila mtoto asiye na baba aliletewa mmoja na serikali, kila Jumamosi kwa saa mbili. Mtaa ulishazoea. Baba hao walikuja na makoti yao ya kijani, wakasahihisha madaftari, wakagombeza kidogo kama walivyoagizwa, wakaenda zao.

Jumamosi hiyo Mwatatu alifungua mlango akamkuta Shauri, mumewe aliyetoka kwenda kununua sabuni miaka saba iliyopita, amevaa koti la kijani.

"Hujambo, dada," alisema, akimtazama usoni bila kupepesa. "Mtoto yuko wapi?"

Mwatatu alimwita binti yake, Zawena. Zawena hakumjua mgeni. Siku ile ya sabuni alikuwa bado tumboni. Akamrukia. Na Shauri kazi yake aliifanya vizuri mno: alimfundisha kujumlisha, akamtolea samaki miiba, akacheka kicheko chake kile kile. Mwatatu alisimama mlangoni pa jiko akijiambia kwamba huyu amekuja kuomba radhi, anasubiri tu mtoto atoke.

Saa mbili zilipokwisha, Shauri alitoa fomu.

"Jina la mtoto?"

"Zawena," Mwatatu alijibu taratibu. Lilikuwa jina la mama yake Shauri, na Shauri mwenyewe ndiye aliyelichagua kabla ya kuondoka. Kalamu haikutetemeka.

"Jina la baba?"

Mwatatu alifungua mdomo, lakini Zawena, aliyekuwa bado amening'inia mkononi mwa mgeni, alimwahi kwa furaha.

"Andika hayupo, baba."

Akaandika.