Hema la Watu Wanane

Siku hizi sheria inamruhusu mtu kutuma taswira yake ya mwanga, inayoonekana na kuongea kama yeye, kwenye kambi ya familia ya kila mwaka, badala ya kwenda mwenyewe. Mzee Luvanda, mgane wa Mafinga, aliingia dukani kuchagua hema kubwa zaidi.

“Wanao wanakuja wenyewe?” muuzaji aliuliza.

“Wanatuma taswira.”

“Basi la mtu mmoja linakutosha, mzee. Taswira hazilali.”

“Nipe la wanane. Huenda mmoja akaja.”

Kambini, wanawe na wajukuu walitokea hemani waking'aa, wakamwamkia, wakacheka kidogo, wakazimika. Hata hivyo alitandika mablanketi manane. Mvua ilipoanza, alitega sikio kuelekea mahema ya majirani, yote makubwa kama lake. Hakusikia hata mtu mmoja akikohoa.