Upande wa Kushoto wa Kaka

Jirani yetu anadai kaka, akiwa golini, alimwona mshambuliaji wa timu pinzani akija, akamvaa makusudi. Mimi nilikuwepo, nyuma ya goli, na mpaka leo sijui. Waligongana vichwa. Yule mshambuliaji tulimzika. Kaka alirudi nyumbani, lakini upande wa kushoto haoni tena.

Jana kwenye mazoezi ya macho, mtaalamu alimkalisha aitazame nukta nyeusi ukutani.

"Kipa, usigeuze shingo," alimtania. "Hapa hakuna wa kukufunga. Nitaleta mpira kutokea kushoto. Ukiona chochote, sema."

Siku zote kaka hunyamaza. Asipoona huko, golini harudi, na kaka bila goli ni jiko bila moto.

"Naona!"

Nilisimama, mkono mdomoni, machozi yananilengalenga.

Mtaalamu hakufurahi. Mpira ulikuwa bado mapajani mwake.

"Unaona nini, kipa?"

"Yeye, tuliyemzika. Na jezi yake."

Jasho lilimshuka mpaka kwenye kope, asipepese.

"Mdogo wangu," aliniita polepole, "wewe ulikuwepo. Mwambie nilikuwa nautazama mpira."