Imezidi Nusu Kidogo

Kinyozi alibakiza kete mbili ubaoni. Asipozitoa zote kwa mtupo huu mmoja wa dadu, jirani yake seremala anamaliza za kwake na kushinda.

Mkewe, ambaye miaka yote alidai mchezo huo haumwingii kichwani, aliinama kuweka chai, akautupia ubao jicho.

"Tupa tu, baba watoto. Nafasi yako imezidi nusu kidogo."

Huku akisema, kidole gumba chake kilikuwa kikigonga vidole vingine kimoja kimoja, vilevile kama seremala anavyofanya kila akipiga hesabu za ushindi.

Kinyozi akashikwa na wivu. Badala ya kuzitupa dadu, akazifumbata.

"Nani kakufundisha?" alimuuliza mkewe.

Aliyejibu ni seremala: "Kwani lazima afundishwe?"