Kitunguu cha Salha

Siku hizi kila mtoto hupeleka shuleni video ya jikoni kwao, akachora duara kwa kidole kwenye kila anachokiona na kukiandikia jina. Ubao wa kidijitali wa darasani ndio husahihisha wenyewe.

Basi Salha wa darasa la pili akayazungushia duara macho ya mama yake, Mwanamkuu, akaandika: "Machozi ya kitunguu." Ndivyo Mwanamkuu alivyokuwa akimwambia tangu baba yake aondoke. Ubao ukafuta, ukaandika kwa rangi nyekundu mbele ya darasa zima: "Hakuna kitunguu. Analia."

Mwanamkuu aliisoma kazi hiyo kwenye simu, akakosa pa kuficha uso. Salha aliporudi alimkumbatia kiunoni, kisha akatoa kitunguu mkobani.

"Mama, kata hiki nikurekodi upya. Lakini usianze kulia kabla hujakimenya."